Mahindi Yaliyomkana Milembe

Kabla watu hawajahamishwa kwenda kuishi pamoja, Milembe alikuwa na mji wake upande wa Migato, mbali na barabara, na hakukuwa na mwanamke wa pande zile aliyepanda mahindi bila kwanza kupita kwake. Si kwamba wengine hawakuwa na mbegu. Walikuwa nazo, ila ya Milembe ndiyo waliyoiamini. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Mahindi yakikomaa aliingia shambani peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote, akayapapasa yakiwa bado kwenye mabua, akamenya ganda kidogo, akatazama, akapita. Lile lililompendeza alilifunga unyasi. Baadaye hayo yaliyofungwa unyasi yalining'inizwa juu ya mafiga, moshi ukayapiga mpaka yakawa meusi, na fukusi hakuthubutu kuyasogelea.

Walimwita mayu wa mbegu, yaani mama wa mbegu, naye hakukataa. Tuliseme wazi mapema: Milembe hakuwa na kitu kingine. Alikuwa mjane, ng'ombe wake walikuwa wa kuhesabu kwa jicho moja tu, na katika watoto aliowazaa alibakiwa na mmoja, Januarius, aliyebatizwa na mapadri na kusoma mpaka darasa la nne. Watu walimwamkia Milembe kwa heshima kwa sababu ya yale mahindi meusi ya moshi. Ukiyaondoa hayo, anabaki bibi kizee mwenye macho mekundu, na Usukumani bibi kizee mwenye macho mekundu hana budi kuishi kwa adabu sana, asije akaitwa mchawi.

Mwaka wa 1974 malori yalikuja. Milembe alipakiwa na chungu chake, jiwe lake la kusagia na mahindi yake, akashushwa katika kijiji kipya upande wa Zagayu, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara kama wanafunzi wa gwaride. Mtu aliyezoea kumwona jirani kwa mbali sasa alimsikia akikoroma. Wengine walilalamika, wengine walipenda shule na zahanati waliyoahidiwa. Milembe alitafuta tu mahali pa kutundika mbegu zake, akapapata, akatulia.

Mwaka uliofuata akaja bwana shamba. Jina lake Novatus, kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka linakata, baiskeli inang'aa. Alikuja na magunia ya mbegu mpya zilizopakwa dawa nyekundu, akaziita chotara. Katika mkutano aliwaeleza wanakijiji kwamba wakipanda chotara watavuna mara mbili ya walivyozoea, lakini kwa sharti moja: mbegu zote za zamani zisagwe, ziliwe, ziishe. Zikibaki, alisema, upepo utabeba vumbi la mbelewele zake na kuharibu shamba la kijiji. Ngeleja, mwenyekiti wa kijiji, alipiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote, kama ilivyo kawaida ya wenyeviti.

Milembe alisimama. "Ng'wanawane," alisema, maana yake mwanangu, "na hizi zako zikitushinda, tutarudi kwa nani?"

Watu walicheka. Novatus naye alicheka, lakini kwa upole. "Hazitawashinda, mama. Kila mwaka lori litaleta nyingine mpya. Ninyi kazi yenu ni kulima na kula."

Basi wakasaga. Nyumba baada ya nyumba walisaga mbegu zao, na Milembe alikuwa wa mwisho. Alipiga moyo konde, akaketi kwenye jiwe, akasaga mbegu ya mama yake, akasonga ugali, akaula pamoja na Januarius na mkewe Justina. Ulikuwa ugali mtamu, na utamu huo ulimuuma kuliko kama ungekuwa mchungu.

Tusimwonee Novatus kwa hili: mavuno ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Mahindi yalisimama sawasawa, bua hili halimzidi mwenzake hata kwa kiganja, yakatoa mbelewele wakati mmoja, yakazaa mahindi manene yaliyojaa punje mpaka ncha. Hata Milembe alikiri kwamba hajawahi kuona kitu kama kile. Lakini mwaka huo hakuna aliyepita kwake. Hakuna aliyemwita mayu wa mbegu, kwa sababu mbegu sasa ilikuwa na mama mwingine, naye ni lori.

Lori lenyewe mwaka uliofuata halikuja. Wapo waliosema daraja limebomoka, wapo waliosema hakuna dizeli. Novatus alikwenda Bariadi, akarudi. Akaenda tena, akarudi na ahadi. Mawingu yakaanza kukusanyika. Asubuhi moja Ngeleja na Novatus walimfuata Milembe nyumbani kwake.

"Mwangaluka, mayu," Ngeleja alimwamkia huku akiinama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Mwangaluka. Karibuni."

"Mayu, ghala la kijiji bado lina mahindi ya mwaka jana ambayo hayajapukuchuliwa. Tunaomba utuchagulie mbegu. Mkono wako tunaujua."

Milembe alifurahi. Mtu akisahauliwa, halafu akaitwa tena mbele ya watu, hufurahi hata kama ni mzee wa kujua mambo. Hata hivyo alimgeukia Novatus. "Ng'wanawane, wewe ndiye uliyeyaleta. Nikichagua mazuri, yatazaa mazuri?"

Novatus alikuna kisogo, akatazama baiskeli yake. Angesema hapana, Ngeleja angeuliza: basi tupande nini, na yetu ulitusagisha? "Mama," alisema, "mambo ya kuchagua mbegu unayajua kuliko sisi tuliosoma. Hindi zuri ni hindi zuri." Alimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa.

Alishinda ghalani akichagua. Alikataa mengi ambayo wengine wangeyachukua kwa mikono miwili. Alipomaliza aligawa mwenyewe, kibuyu kwa kibuyu, na hakuna nyumba iliyopanda mwaka ule ambayo haikupokea mbegu kutoka katika kiganja cha Milembe. Alijivunia hilo. Siku chache baadaye mvua ikanyesha, na ikaendelea kunyesha vizuri, jambo ambalo lilikuja kumponza kuliko ukame wowote.

Kwa sababu kama ni ukame, watu wangelaumu mbingu. Sasa mbingu zilitimiza wajibu wake, pamba ikachanua vizuri, mtama ukasimama, na mahindi yakafanya vituko. Mengine yalirefuka kama nguzo bila kuzaa chochote. Mengine yaliishia magotini. Huku mbelewele zimeshamwaga vumbi lote na kukauka, kule ndevu za mahindi ndiyo kwanza zinachungulia. Palipozaa, hindi lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Ungedhani kila punje ilitoka kwa mama yake mwenyewe. Kijiji kikaishia kupanga foleni ya unga wa njano wa msaada.

Maneno yalianzia kisimani, kama kawaida. Mvua nzuri, udongo uleule, jembe lilelile. Kitu kilichopita katika mkono wa mtu mmoja ni mbegu peke yake. Mbona mtama haukuharibika? Mtama hakuugusa. Na si yeye aliyesimama mkutanoni kuuliza itakuwaje zikitushinda? Alikuwa anajua! Hivyo ndivyo swali la busara linavyogeuka kuwa ushahidi.

Halafu wakamtenga, kwa namna ambayo Wasukuma wanaijua. Hakuna aliyemtukana. Alipokwenda kuomba moto, moto ulikuwa umezimika, ingawa moshi ulionekana juu ya paa. Aliposema mwangaluka, kila mtu alikuwa na jambo la kutazama upande wa pili. Januarius peke yake aliendelea kumletea kuni na kumwambia, "Mayu, yatapita." Milembe hakulala vizuri hata hivyo. Alijua kwamba katika vijiji vingine wanawake wa umri wake walikutwa asubuhi wamekatwa mapanga, na hakuna aliyesikia kelele.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hata yeye hakuelewa. Alirudia kichwani kila hindi alilolichagua. Yote yalikuwa mazuri. Alikosea wapi?

Novatus alikuja mchana mmoja, baiskeli akaificha nyuma ya nyumba. Milembe alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, nyeupe zake na nyekundu zake. Hakuinua kichwa. "Niambie kosa langu, ng'wanawane," alisema. "Wewe umesoma."

"Hukukosea, mama." Alichuchumaa. Alikuwa amekonda. "Yangekuwa vilevile hata kama angechagua mtu mwingine."

Akaomba ungo. Akapanga kunde mbilimbili, kila nyeupe na mwenzake mwekundu. "Kila mmea umejengwa kwa chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Ndani ya chembe kuna nyuzi, nazo ndizo zinazosema mmea uwe mrefu au mfupi, uzae mapema au uchelewe. Nyuzi hizo ziko mbilimbili kama hivi. Nyeupe zimetoka kwa baba, nyekundu zimetoka kwa mama. Mmea unapokua, chembe inagawanyika mbili, lakini kwanza inatengeneza mfano wa kila uzi, kwa hiyo zote mbili zinatoka kamili kama ile ya mwanzo. Umeelewa?"

"Endelea."

"Sasa mmea ukitaka kuzaa, mambo yanabadilika. Kwenye mbelewele, na kwenye hindi changa, kuna chembe ambazo kazi yake ni uzazi tu. Hizo zinagawanyika kwa namna nyingine. Kila uzi unajitengenezea mfano wake, halafu unakaribiana na mwenzake, wanabadilishana vipande, kisha wanaachana, huyu huku, huyu kule. Baada ya hapo zinagawanyika tena mara ya pili. Chembe moja inatoa nne, na kila moja ina nusu tu ya nyuzi."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu nusu nyingine inatoka kwa mwenzake. Vumbi la mbelewele linaleta nusu, hindi linatoa nusu, punje inakuwa kamili. Wasingegawa nusu, kila kizazi kingebeba mara mbili ya kilichopita."

Milembe alikitazama kile chakula chake kilichogeuzwa somo. "Na nani anachagua nusu ipi iende wapi?"

"Hakuna anayechagua, mama. Fumba macho. Kutoka katika kila jozi okota moja."

Alifumba, akaokota. Alipofumbua, mkononi alikuwa na nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Akarudisha, akafumba tena, akaokota, na mchanganyiko ukawa mwingine. Alirudia tena na tena, huku midomo imekaza. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba anachagua, kumbe ndani kabisa, kule ambako hindi linajiandaa kuzaa, kuna mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

"Chotara," Novatus aliendelea, sauti imeshuka, "baba yake ni wa ukoo mmoja uliosafishwa miaka mingi, mama yake vilevile. Nyuzi za baba hazina tofauti, nyuzi za mama hazina tofauti, ndiyo maana watoto wa kwanza wanafanana wote na wana nguvu. Lakini watoto hao wakizaana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja anatoa nusu yake ovyoovyo kama ulivyookota wewe. Hakuna wawili wanaofanana. Uzuri ule uliouona ghalani haukuwa wa kupandwa tena."

Kuku alipita uani, akadonoa kunde moja iliyoanguka. Milembe alimwacha.

"Siku ile mlipokuja na Ngeleja," alisema, "ulikuwa unayajua haya?"

Novatus aliirudisha kunde moja kwenye jozi yake. "Tulifundishwa, mama."

"Ukaninyamazia."

"Nilidhani lori litakuja. Kisha nikadhani labda hayataharibika sana."

Angeweza kumfukuza. Alikuwa na haki ya kumpiga hata kwa ungo. Lakini alimhitaji. "Kesho kutwa kuna mkutano," alisema. "Simama uwaambie hivi ulivyoniambia mimi. Sitaki kingine."

"Nitasema, mama."

Milembe alimwamini. Siku ya mkutano aliondoka nyumbani na ungo wake na kunde zake, akidhani kijana atahitaji kitu cha kuwaonyeshea watu, naye atakuwa amemrahisishia kazi. Hapo alifanya kosa ambalo mtu wa nje hataliona hata akielezwa mara tatu. Mwanamke anayesemwa kwa uchawi anatoka nyumbani kwake, anakatiza kijiji kizima mbele za watu, kabeba ungo! Kila mtoto anajua kwamba usiku wachawi husafiri kwa ungo. Watu walipisha njia. Yeye alidhani ni heshima imeanza kurudi.

Mbele ya ofisi ya kijiji Ngeleja alimwita bwana shamba aeleze kitaalamu. Novatus alisimama. Alizungumzia nafasi kati ya mstari na mstari. Alizungumzia palizi iliyochelewa. Alizungumzia wadudu. Ngeleja akauliza, "Na mbegu? Mbegu ilikuwa na kasoro?"

"Mbegu ilichaguliwa na mama Milembe," Novatus alisema. "Mimi wakati wa kuchagua sikuwepo." Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Akaketi, akafyata mkia.

Basi Milembe akasimama mwenyewe. Hakuwa na hasira bado. Alidhani kijana ameshikwa na haya. Alienda mbele, akaketi chini, akaweka ungo mapajani, akapanga kunde mbilimbili. Akaanza kueleza. Alisema kuna nyuzi ndani ya vumbi, jicho halizioni. Alisema zinakaribiana gizani, zinabadilishana, zinaachana. Alisema mmea ukitaka kuzaa unajigawa mara mbili, na kila kipande kinabeba nusu. Halafu akafumba macho, akapeleka mkono kwenye ungo, akaanza kuokota.

Alichokifanya pale kilikuwa sahihi. Mwalimu yeyote wa elimu ya viumbe angempa alama zote. Lakini watu wale waliona bibi kizee ameketi chini na ungo, amefumba macho, anaokota punje na kutaja vitu visivyoonekana.

"Anapiga ramli!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Anatupigia ramli mchana kweupe!"

"Hebu atuambie," mwanamume akadakia, "yaliyomo ndani ya vumbi la mahindi yeye kayaonaje? Hajui hata kuandika jina lake. Kaonyeshwa na nani?"

"Kaniambia Novatus," Milembe alisema, akafumbua macho. "Alikuja kwangu. Muulizeni."

Wote wakageuka. Novatus alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi, mikono katikati ya magoti. Angesema ndiyo moja tu. Jasho lilimtoka mpaka likalowesha ile pasi ya shati.

"Mimi," alisema, "nilipita kumsalimu tu."

Ngeleja hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia Milembe hata chembe. Alivunja mkutano kabla vijana hawajachemka zaidi, kisha akamwambia Januarius pembeni amwondoe mama yake kabla jua halijazama, kwa usalama wake. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Januarius alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamsafirisha hadi Sola kwa Machibya, mdogo wake Milembe. Njia nzima Milembe alikuwa anaongea peke yake kwa hasira: "Kunisalimu! Kunisalimu tu!"

Machibya alimpa dada yake kibanda. Habari zilikuwa zimetangulia, kama zinavyotangulia siku zote. Mke wa Machibya alimwambia kwa adabu kwamba afagie, apike, achote maji, ila mbegu za nyumba ile asizishughulikie, atapumzika. Milembe alijibu kwamba amesikia. Alikuwa na uchungu wa kuweza kulia kila siku, lakini hakulia. Aliishi kwa tumaini moja: ipo siku lori litakuja, watu watapanda chotara mpya, itakubali, na hapo kila mwenye akili ataona kwamba kosa lilikuwa la mbegu.

Na lori lilikuja kweli. Mavuno yalipokwisha, Januarius alimtembelea. Milembe alimwona kwa mbali anakuja kwa miguu, gunia begani, akakimbilia jikoni. Alisonga ugali, akachinja jogoo wake mmoja, akamwandalia mwanawe mkekani kama mgeni mkubwa. Januarius alitua gunia. Lilikuwa limejaa mahindi manene, yamefanana kama mapacha.

"Chotara?" Milembe aliuliza.

"Chotara, mayu. Lori lilifika kabla ya mvua. Yamekubali shamba zima. Novatus amepandishwa cheo, yuko makao makuu ya wilaya."

Milembe hakujali habari za Novatus. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. "Basi wameona!" alisema. "Mbegu mpya imekuja, mahindi yamerudi. Si wameona sasa? Wanasemaje?"

Januarius aliinama, akawa anachora ardhini kwa kidole.

"Wanasema yamerudi tangu ulipoondoka, mayu."

Milembe aliuliza taratibu, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mwanao."

"Sijakuuliza hilo."

Januarius alikuwa kijana mwema. Alimpenda mama yake, ndiyo maana alibeba gunia lile kwa miguu kutoka Zagayu. "Shamba ni lilelile," alisema hatimaye bila kuinua macho. "Mvua ileile. Majembe yaleyale. Mimi sijui, mayu. Kilichopungua ni wewe tu."

Milembe alimsogezea sahani, akammiminia maji ya kunawa. Januarius aliyatazama maji, akautazama ugali, akasema ahsante, ameshiba. Alikuwa ametembea tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni.